Njia za Mgongoni mwa Kubat

Kubat alirudi kutoka milimani wakati wa chai ya alasiri, akaegesha pikipiki kando ya tangi la maji, akavua koti na fulana, akainama juu ya beseni pale uani ili mkewe ammwagie maji mgongoni. Burul akamwaga kata ya kwanza. Ya pili ikabaki mkononi. Kuanzia chini ya bega la kushoto la mumewe mpaka karibu na kiuno palikuwa na mstari mwembamba wa buluu, kama mshipa, unaopinda na kurudi, unaopinda na kurudi.

"Umelalia kamba?" akauliza.

"Sijaketi tangu alfajiri, nilale saa ngapi?"

Burul akausugua kwa sabuni. Haukutoka. Akausogelea kwa macho, akaona kona mbili zilizobanana, halafu moja pana, halafu mstari ukanyooka na kufuata bonde la uti wa mgongo.

"Hizi si kona za barabara ya Toguz-Bulak?"

"Ndiko nilikopita."

"Basi simama wima. Unaukunja mlima."

Kubat akasimama wima. Burul akaenda ndani kuchukua simu, akampiga picha. Kusema kweli ilikuwa nafuu, maana simu ya Kubat, ile inayorekodi njia, ilikuwa imetumbukia kijitoni siku ya kwanza tu ya safari, na Burul alishakata tamaa kwamba safari nzima imekwenda bure.

Kesho yake mwuguzi wa zahanati ya kijiji chao, Kara-Bulung, aliutazama mgongo ule, akauliza kama unawasha. Kubat akasema hauwashi. "Basi uache," mwuguzi akasema. Akampa mafuta ya kupaka kwa sababu yalikuwepo, kisha akataka kujua kama daraja la kwenda kwa shangazi yake limeshatengenezwa. Akatafuta mwenyewe, akaona mstari unaishia njiani na kugeuka. "Bado," akajijibu, akashusha shati.

Kazi ya Burul ilikuwa kupanga njia za pikipiki. Kila kiangazi wageni walikuja na mapikipiki yao makubwa yenye masanduku ubavuni, wakitoka nchi ambazo barabara zake zimenyooka mpaka zinawachosha, nao walitaka barabara mbaya. Burul aliwatafutia. Alikuwa na kompyuta ya mkononi yenye ufa kwenye kioo, na ramani ya bure, ile ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuichora na kuisahihisha. Asubuhi, maziwa yakishachemshwa na ng'ombe wakishatoka, alifungua picha za setilaiti, akatafuta mikwaruzo ya kijivu kwenye majani. Mkwaruzo unaweza kuwa njia ya mbuzi, au kijito kilichokauka, au barabara ambayo malori ya zamani yaliipita kupeleka chumvi kwenye malisho ya juu kisha ikasahauliwa. Alitazama mistari ya mwinuko, akapima kama pikipiki itapanda au itamrudia mwenyewe kifuani. Kisha Kubat alikwenda kupajaribu, simu ikiwa imefungwa kwenye usukani, naye akirudi Burul alisahihisha mchoro kwa njia ile iliyorekodiwa. Ramani haikumlipa mtu. Lakini njia zote za Burul zilianzia kwenye lango lao, penye vyumba vya wageni, mkate wa tanuri na jamu ya aprikoti, yale matunda madogo ya njano, na hilo lilitosha.

Njia moja tu alikuwa ameifuta kwa mkono wake. Ilikuwa ile ya Jaman-Bel, mpito wa kuvukia mlima.

Miaka mitatu nyuma aliichora njia hiyo kwa picha, ikavuka mto Kashka-Suu mahali ambapo maji yalionekana yametawanyika juu ya changarawe. Mdogo wake, Sanjar, akaomba kwenda kuijaribu, kwa kuwa siku hiyo Kubat alikuwa na safari ya mjini Naryn kununua tairi na unga. Sanjar hakurudi. Walimkuta mtoni, upande wa chini wa kile kivuko alichokichora Burul, na pikipiki yake mbele kidogo, imeinamisha usukani majini kama farasi anayekunywa. Watu wakatazama ramani, wakatazama mto, wakaelewana. Kijana alifuata mchoro wa dada yake. Hakuna aliyemfokea Burul. Walisema tu, "Picha haina kina," na kila aliyesema alidhani ni yeye wa kwanza kusema.

Mama yao, Raikan, hakusema hata hilo. Alianza tu kugeuza bakuli lake la chai juu chini kila Burul aliposhika birika, asimiminiwe naye.

Kubat peke yake ndiye aliyemliwaza. Majira yote ya baridi yale, jiko la makaa likinguruma, alimshika mabega na kumwambia, "Si kosa lako, mke wangu. Picha ilikudanganya. Nani asingedanganyika?" Burul alilia kwenye shingo yake, akashukuru Mungu kwamba katika kijiji kizima yupo mtu mmoja anayemsamehe.

Mistari iliongezeka. Kila safari mpya ya Kubat ilijichora ndani ya siku moja au mbili, kwanza ikiwa imevimba kama alama ya mto wa kulalia, kisha ikatulia na kuwa buluu. Kaskazini ilikuwa kisogoni. Naryn iliangukia kwenye mfupa wa bega la kulia, penye kovu la zamani. Burul alipiga picha mgongo, akaitandika ile picha chini ya ramani kwenye kompyuta, akaivuta kidogo huku na kule mpaka barabara kuu ikalaliana na barabara kuu, kisha akafuatisha mistari kwa kidole. Mgongo ulikuwa sahihi kuliko simu. Mahali ambapo Kubat alishuka kusukuma pikipiki, mstari ulikuwa wa nukta nukta. Wageni walipoambiwa chanzo cha njia zao walitikisa vichwa kwa heshima, wakauliza kama kuna maji ya moto.

Kiangazi kilipokolea, mgongo ukaanza kurudi nyuma. Chini ya njia za mwaka huu zikaibuka za mwaka jana, kisha za mwaka wa nyuma yake, kama mawe yanavyojitokeza theluji ikiyeyuka. Burul alizitambua zote. Hii ni ile safari ya yule mama wa Kipolandi aliyevunjika kifundo cha mkono akakataa kurudi. Hii ni siku waliyokwenda kuchukua ng'ombe mwekundu. Asubuhi moja aliona kifundo kidogo cha mistari kwenye soko la Kochkor, duara juu ya duara, akashindwa kukielewa.

"Hapa ulipotea?"

"Nilikuwa natafuta kilemba chako. Kila duka lina rangi nyingine."

"Kile cha kijani?"

"Kile unachosema kinawasha."

Burul akacheka mpaka akaegemea ukuta. Hakuwahi kujua kwamba amezungukiwa kiasi kile. Siku hiyo alikivaa kilemba cha kijani, ingawa kilikuwa kinawasha kweli.

Baada ya hapo Kubat akaanza kulala na fulana. Alisema ana baridi, na ilikuwa wakati wa kuvuna majani ya mifugo, jua likichoma mpaka paka walijificha chini ya matrekta. Beseni la uani likakaa kavu. Alianza kuoga kwenye hamamu ya kijiji, siku ya wanaume, akarudi amewiva usoni na shati limefungwa vifungo vyote.

"Niache nipige picha," Burul alimwambia. "Kuna wageni wanatoka Korea, nataka ile njia ya juu ya miaka mitatu nyuma."

"Njia tunazo za kutosha."

"Ramani haishibi, bwana wee."

"Mimi nimeshiba," Kubat akasema. "Si karatasi mimi." Akatoka kwenda kutazama mnyororo wa pikipiki, ambao alikuwa ameutazama asubuhi.

Burul akaona ni haki yake. Mtu akisomwa kila siku naye huchoka.

Siku ya wanawake alikwenda hamamu na taulo lake begani. Mwenye hamamu, mzee Osmonkul, alikuwa ameketi mlangoni akilisha tanuri kuni, uso mwekundu, kofia ya manyoya kichwani kiangazi na masika. Alipomwona Burul akafurahi.

"Shemeji, njoo kwanza. Wewe ndiye mtaalamu, utukatie ubishi. Mumeo siku ile alishukia upande wa huku wa korongo, au upande wa malisho? Mimi nasema wa huku. Wenzangu wanabisha. Mvuke mwingi, macho yetu yamechoka."

"Siku ipi, mzee?"

"Ile ya marehemu."

Kuni ilipasuka ndani ya tanuri. Osmonkul akamtazama Burul, kisha akatazama kuni, akachagua moja nyembamba akaigeuzageuza mikononi.

"Nilidhani unajua," akasema. "Si unamwogesha wewe?"

"Haogei nyumbani siku hizi."

"Ah."

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu majani ya kwanza yalipokatwa. Siku ile tuliona mstari unapanda Jaman-Bel, tukasema, kumbe Kubat aliwahi kufika. Juma lililofuata ukawa umeshuka mtoni." Akaitumbukiza kuni. "Sisi, shemeji, ya hamamu hatuyatoi nje. Ndiyo desturi. Mtu yuko uchi, utamwambia nini?"

Burul hakuoga. Alirudi nyumbani na taulo lake kavu, akamkuta Kubat amechuchumaa uani anapaka grisi mnyororo.

"Vua shati."

"Nani amekwambia?"

"Vua, Kubat."

Akafuta mikono kwa kitambaa, akafungua vifungo kimoja kimoja, akageuka akaketi kwenye kigoda. Burul akapiga magoti nyuma yake. Mstari ulikuwa pale, bado mbichi, umevimba kidogo. Ulitoka langoni kwao ukashika barabara ya Naryn kama alivyosema siku ile. Kisha, kabla ya mji, uliiacha barabara, ukapanda Jaman-Bel kwa njia ileile aliyoichora yeye, kona kwa kona, bila kukosea. Ukashuka upande wa pili. Lakini kivukoni haukufika. Uliiacha njia yake palipo na mwamba mrefu, ukakata kushuka korongoni, mahali ambapo mto wote wa Kashka-Suu hupita katikati ya kuta mbili. Hapo mstari ulikuwa fundo: nukta juu ya nukta, ukingo mzima, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka ngozi imekuwa nyeusi. Halafu ukatoka, ukazunguka mbali kwa bonde la kusini, ukaingia Naryn ukitokea upande mwingine, ukasimama sokoni. Kisha ukarudi nyumbani.

Burul alikuwa ameweka kidole kwenye fundo.

"Nilikutana naye barabarani," Kubat akasema, akiwa ameupa uso ukuta. "Akasema njoo twende wote, shemeji, tairi haikimbii. Juu kabisa nikamwambia kivuko cha Burul kinatuzungusha, tukate kwa chini. Nilidhani naujua ule mto. Yeye akatangulia, unamjua alivyokuwa. Nilimtafuta, Burul. Nilimwita mpaka sauti ikakauka."

"Halafu ukaenda kununua unga."

"Nilikuwa nimeaga naenda kununua unga."

Kuku walipita kando yao. Burul aliuliza jambo moja tu, akaliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Kwa nini ukaniacha mimi nibebe?"

Kubat alifikiri. Hakuwa anatafuta uongo, huo ulishakwisha.

"Mimi ni mkwe," akasema. "Mkwe hasamehewi. Wewe ni mwanaye. Nikajua mama atakusamehe."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nao hawakusema ufanye nini nacho baada ya kuvua nguo. Burul akashusha shati la mumewe. Akaingia ndani, akahamisha tandiko lake kwenye chumba cha wageni, akalala hapo.

Asubuhi alichukua pikipiki ya Kubat. Alikuwa anajua kuendesha tangu usichana, ila tangu kifo kile hakuwa amegusa usukani. Kubat alisimama langoni.

"Mafuta yamo," akasema.

Burul alipanda Jaman-Bel peke yake. Vilele vilikuwa vimeanza kuwa vyeupe. Wachungaji walikuwa wakishuka na mahema yao ya manyoya yamefungwa kwenye malori, wakampigia honi, naye akawapungia. Upande wa pili alifika penye mwamba mrefu, akasimamisha pikipiki, akashuka korongoni kwa miguu. Maji yalikuwa ya kijani na yenye kelele, na ukingo ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu hawezi kuuzunguka bila kurudi alikotoka. Akatembea huku na kule kama lile fundo lilivyotembea. Hapakuwa na kitu. Akamwita mdogo wake kwa jina, mara moja, ili naye awe amemwita.

Kisha akarudi juu akaenda kwenye kivuko chake.

Mto ulikuwa umetawanyika juu ya changarawe kama kwenye picha, mikono mingi myembamba, kila mmoja ukimetameta. Ulikuwa mwezi uleule aliokufa Sanjar, na maji ya wakati huo hayabadiliki sana. Burul akatia gia ya kwanza, akaingia. Changarawe ilikuwa ngumu. Maji yaliimba kwenye spoku, hayakufika kwenye ekseli. Akatokea ng'ambo na viatu vikavu. Akageuza pikipiki, akavuka tena. Akageuza, akavuka tena. Aliendelea hivyo mpaka jua likahama upande, mwanamke wa makamo mwenye kilemba cha kijani, akienda na kurudi kwenye mto usiomfanya kitu, na mpanda farasi mmoja aliyekuwa akipeleka kondoo bondeni alisimama kumngoja amalize, akidhani anaosha pikipiki.

Siku ya pili yake walikwenda kwa Raikan, yeye na Kubat. Nyumba ya mama ilikuwa juu ya kijiji, milango ya buluu, paa jipya la bati ambalo Kubat alilipiga mwaka uliopita. Raikan alimwita mkwewe mahali pa heshima, mbali na mlango, akamsogezea siagi na maandazi. Burul akashika birika. Mama akageuza bakuli lake juu chini.

"Mama," Burul akasema, "leo sikuja kunywa. Kubat, muoneshe."

Kubat alivua shati, akageuka kuelekea dirishani penye mwanga. Raikan akatafuta miwani, akaivaa, akausoma mgongo ule polepole, akisogeza midomo kama mtu anayesoma barua ya mbali. Alianza langoni. Akapanda mlima. Penye mwamba alisita, akarudi nyuma kuhakikisha, kisha akashuka. Kidole chake kikakaa juu ya fundo.

"Hapa alimtafuta," akasema.

"Alimtafuta. Kisha akanyamaza miaka mitatu. Kivuko changu ni kizima, mama. Nimekivuka jana mpaka nimechoka. Sanjar hakufa na mchoro wangu."

Raikan akavua miwani. Akachukua shati la Kubat kutoka kwenye mto wa kuegemea, akamtupia mabegani.

"Mfunike mumeo. Nyumba ina upepo."

"Mama!"

"Nimeona, nimeona. Mimi si kipofu." Akamsogezea Kubat bakuli la chai. "Kunywa, baba, inapoa."

Kubat akanywa, maana aliambiwa.

"Basi sema neno," Burul akasema. "Sema hata kwake. Mfukuze. Mpige. Mimi ulinigeuzia bakuli miaka mitatu."

"Nimfukuze aende wapi?" Raikan alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha. "Makaa yangu nani ataleta? Paa hili nani alipiga? Nilikuwa na mwana mmoja wa kiume. Sasa nina huyu. Nikifa, nani atatangulia jeneza, wewe?" Akapangusa makombo mezani, akayakusanya kiganjani. "Wewe, mwanangu, lawama umeshaizoea. Huyu hajaizoea. Itamuua."

Hakukirudisha kibakuli chake wima. Kiliendelea kukaa juu chini, na Burul akaendelea kushika birika mpaka mkono ukafa ganzi, akaliweka jikoni.

Walirudi kwa miguu, Kubat mbele kidogo. Penye kona ya shule akasema, "Nilikosea kuhusu mama," akiwa na mshangao wa kweli, na Burul akamwambia anyamaze.

Alifikiria kwenda Bishkek, ambako binamu yake alikuwa na chumba. Alifikiria pia kubaki. Kabla hajaamua, wale Wakorea wakafika, na kwa kuwa vyumba vya wageni vilikuwa vyao, ikambidi arudishe tandiko lake alikolitoa. Aliligeuza, kichwa chake kikawa upande wa miguu ya Kubat.

Asubuhi akafungua kompyuta, akairudisha njia ya Jaman-Bel kwenye ramani, kivuko na vyote. Akaongeza na ile ya korongoni, kwa nukta nukta, akaandika kando yake kwamba haipitiki na kwamba hapo alikufa mtu, akataja jina. Mtu mmoja wa nchi asiyoijua, mwenye mazoea ya kupitia kazi za wengine, akaikagua siku ileile. Aliacha njia. Akafuta jina, akaeleza kwa adabu kwamba ramani hutunza vilivyopo. Wakorea wakavuka Kashka-Suu wakamtumia picha, viatu vyao juu ya matangi, vikavu. Kijijini hakuna aliyeuliza kivuko kimeponaje.

Mwisho wa mwezi ikafika siku ya kumsomea Sanjar. Kondoo walichinjwa uani kwa Raikan, turubai likafungwa kati ya nyumba na banda, na watu wote wa Kara-Bulung wakaja, wakaketi kwenye mazulia kwa umri wao. Mvua ilianza mapema. Kubat, kwa kuwa hapakuwa na mwana wa nyumba, alikimbia kati ya masufuria na turubai na masinia ya nyama, amevaa shati jeupe la heshima, mpaka shati likalowa na kumgandama. Mistari yote ikaonekana. Ilikuwa imerudi nyuma sana kufikia hapo. Kiunoni zilikuwa zimeshaibuka njia za ujana wake, za kuchunga farasi wa baba yake. Lakini ile ya Jaman-Bel ilikuwa juu ya zote, na fundo lake lilionekana hata kutoka mlangoni.

Kila alipoinama kuweka sinia, waliokuwa nyuma yake walisoma. Mwuguzi alisoma. Wachungaji walisoma. Osmonkul alisogea akatazama kwa mwanga wa mchana, akamnong'oneza jirani yake, "Si nilisema? Upande wa huku," na jirani akakubali kwamba ni kweli, upande wa huku. Mwanamke mmoja akamsifu Burul jinsi shati lilivyofuliwa likatakata. Kisha wakarudi kwenye habari za majani na bei ya farasi, na mmoja akasema mto mwaka huu umepungua.

Burul alikuwa akipita na birika la maji na beseni, akiwamwagia wazee mikononi. Wote walinawa. Mama yake alikuwa ameketi mwisho wa safu ya wanawake. Alipofika mbele yake, Raikan akaingiza mikono ndani ya mikono ya koti lake, akatazama mvua.

Imamu akasoma Kurani kwa sauti nzuri ya kujikaza. Alipomaliza akafungua viganja, na watu wote wakafungua vyao.

"Ewe Mola," akasema, "mrehemu kijana wetu Sanjar, aliyepotezwa na mchoro wa dada yake. Msamehe dada, hakujua. Na umlipe heri mkwe huyu, aliyesimama mahali pa mwana."

"Amina," watu wakasema, wakapitisha viganja nyusoni. Raikan akasema amina. Kubat, aliyekuwa amesimama mvuani na sinia tupu, akaliweka sinia chini ya kwapa, akapitisha viganja usoni, akasema amina.

Burul akatua birika. Mbele yake mumewe alikuwa amempa mgongo, na mto wote ulikuwa pale, na ukingo, na mahali pa kuitia. Akafuta mikono yake kwa aproni. Dua ilikuwa ya ndugu yake. Akapitisha viganja usoni, akasema amina, akainua birika akaendelea na safu ya pili.